Kaburi la Panga ya Saidi: Udongo Ndio Ushahidi

Mhariri,

Kila linapotajwa kaburi la "Mtoto", jina alilopewa mtoto wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, hakosi anayeuliza: wanasayansi wamejuaje kwamba alizikwa, pengine alifia tu pale akafunikwa na vumbi? Swali ni la haki, na jibu limo udongoni.

Udongo uliojaza shimo ulikuwa tofauti na wa tabaka lililolizunguka, ishara kwamba shimo lilichimbwa kisha likafukiwa. Mtoto, wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, alilazwa ubavu wa kulia, magoti yameelekea kifuani. Mtulinga na mbavu za juu zimegeuka kama za mwili uliobanwa ndani ya sanda. Kichwa nacho kimeinama jinsi kinavyoinama mto wa kulalia ukioza chini yake. Sanda na mto vimekwisha kabisa. Mkao wa mifupa umebaki, baada ya miaka takriban 78,000!

Mifupa yenyewe ilikuwa imeoza, ikiguswa inageuka unga. Ndiyo maana haikuchomolewa mmoja mmoja. Bonge zima la udongo lilifungwa plasta, likasafishwa polepole maabara.

Kwa hiyo tunawasihi wanaoingia mapangoni wasichimbe. Jembe likichanganya tabaka, mpaka wa shimo hupotea, na mfupa bila mpaka huo hauwezi kuthibitisha maziko. Ukiona mfupa, uache ulipo, upige picha, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Wapenzi wa akiolojia