YAH: KADI YA MICHORO NZIMA KUTANGAZWA MBOVU

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa Ujiji, Kigoma. Kikundi chetu kilinunua kwenu kompyuta ya Linux yenye kadi ya michoro ya NVIDIA, tukawalipa pia muiandae ili programu zetu zifanye kazi ndani ya makontena ya Docker, yaani sehemu zilizotengwa za kuendeshea programu. Tunaifundisha programu kutambua Kiha kutoka kwenye rekodi za wazee.

Tatizo ni hili: kontena linalala likiwa sawa, asubuhi tukianzisha kazi mpya ndani yake halioni kadi. Amri ya nvidia-smi, inayoonyesha hali ya kadi, inagoma ndani ya kontena, inalalamikia NVML, maktaba ya NVIDIA ya kusoma hali hiyo. Nje ya kontena, amri hiyohiyo inaonyesha kadi, joto lake na kumbukumbu yake. Tukizima kontena na kuliwasha, kadi inarudi. Nilimweleza fundi wenu yote haya kwa simu. Hakuuliza swali hata moja. Alisema kadi imekufa, niitume Dar es Salaam.

Kadi iliyokufa ingejibuje nje ya kontena?

Niliituma kwa basi, zaidi ya kilomita 1,200, nikalipia mzigo kwenda na kurudi, pamoja na ada yenu ya ukaguzi. Ilirudi baada ya wiki tatu na karatasi inayosema haina tatizo. Siku ya pili yakawa yaleyale. Wazee tuliowaahidi kuwasomea simulizi zao bado wanasubiri, na mmoja wao anaumwa.

Chanzo tumekitafuta wenyewe. Mliiacha Docker itumie systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kusimamia cgroup, mfumo wa Linux unaoweka mipaka ya rasilimali na vifaa ambavyo kontena linaruhusiwa kutumia. Kila systemd inaposoma upya mipangilio yake, kama inavyotokea baada ya masasisho ya usiku, inaandika upya ruhusa za vifaa vya kontena, na kadi isiyokuwamo kwenye hesabu yake inafungiwa nje. Tulibadilisha mstari mmoja kwenye /etc/docker/daemon.json, tukaweka cgroupfs ili Docker isimamie cgroup yenyewe bila systemd, tukawasha upya Docker na kuunda kontena upya. Kisha kwa makusudi tukaendesha daemon-reload, amri inayoifanya systemd isome upya mipangilio yake. Kadi ikabaki.

Naomba mnirudishie gharama za usafirishaji na ada ya ukaguzi, risiti nimeambatanisha. Naomba pia mrekebishe kompyuta za wateja wengine mliowaandalia hivyohivyo, kabla nao hawajaambiwa wafungue mashine na kung'oa kadi isiyo na tatizo.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja, Ujiji, Kigoma