Zuhura, fomalizimu yako siyo yangu

Shoga, za huko? Jana salio limekata katikati ya ubishi nikaona nikuandikie tu, maana ulishaanza kunicheka eti fomalizimu ni ile ya mahakamani, jaji kashikilia maneno ya sheria kama yalivyo na kesi inatupwa kisa karatasi imetaja kifungu siyo. Sawa, hiyo ipo, ndo maana hata Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 107A inataka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Ila mie nilikuwa naongelea ya fasihi. Wahakiki wa Kirusi akina Viktor Shklovsky walichoka kuona watu wanasoma shairi kutafuta mawaidha au maisha ya mshairi, wakasema hebu tuangalie limetengenezwaje, na 1917 Shklovsky akaandika kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu ulichokizoea kiwe kigeni ili ukione upya. Sasa chukua shairi letu, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, halafu mshairi anakata neno au analirefusha ili lienee, wewe msomaji unajikwaa pale unarudi kulisoma tena. Mwalimu wetu alikuwa anasema huko ni kulazimisha vina, mie naona kule kujikwaa ndo utamu wenyewe.

Wa hesabu nao wana yao. Mjerumani David Hilbert alitaka hesabu nzima iwe alama na kanuni za kuzisogeza basi, kama bao la babu yako, kete 64 mashimo 32, nani anauliza kete maana yake nini? Watu wanauliza umecheza sawa au umeiba. Halafu 1931 mwanahesabu mwenzake Kurt Gödel akamtibulia, akaonyesha kanuni za namna hiyo zikiwa hazijipingi basi kuna kweli za namba zitashindwa kuzithibitisha.

Na kwa Stalin, mtawala wa Sovieti, neno hilo lilikuwa tusi kabisa! 1936 Pravda, gazeti la chama cha kikomunisti, lilimvaa mtunzi wa muziki Shostakovich kwa opera yake, yaani igizo la kuimbwa, 1948 chama kikamrudia, yeye na mtunzi mwenzake Prokofiev na wengine, kosa fomalizimu, yaani muziki wa mbwembwe ambao wananchi hawauelewi. Shklovsky mwenyewe 1930 alishaandika gazetini kuikana nadharia yake, masikini.

Kwa hiyo ukiniita tena mfomalisti useme kwanza wa wapi. Msalimie babu, lile bao la Idi bado namdai.

Wako, Mwana