Mmetuchosha na hii stori ya "alikufa maskini"

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini ile makala ya Jumapili kuhusu Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa TV, imenishinda kunyamazia. Ukurasa mzima ni vile macho yalimsumbua, vile Wakenya walichanga ndio atibiwe, vile alifia hospitali ya Kenyatta Julai 2015. Haya tunayajua bana, mlituambia akiwa hai, mkatuambia alipokufa na bado mnatuambia kama habari mpya.

Kazi yake mmeipa sentensi moja, eti "aliigiza Vitimbi", kile kipindi cha vichekesho. Huyu ni Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyeongea Kiswahili cha mzee Mjaluo hadi watu wakaapa ametoka Nyanza, mamangu mpaka leo ukimwambia Ojwang' hakuwa wa Kisumu anakufukuza jikoni. Na Mama Kayai aliyeigiza mke wake je, wangapi walidhani ni bibi yake wa ukweli, vile alikuwa anamfokea na mzee anababaika akitafuta uongo wa kumwambia.

Juzi niko kwa kinyozi, nimenyolewa upande mmoja, kijana akaweka klipu ya Vitimbi kwa simu tukacheka hadi kinyozi akazima mashine asinikate. Halafu jamaa mmoja alikuwa na gazeti lenu akaanza kutusomea kwa sauti, kicheko kikaisha hapo hapo na kila mtu akageuka mtaalamu wa pesa, wasanii hawajui kuweka akiba, angenunua shamba, angefungua duka. Pesa gani? Nikawauliza, kipindi kimerushwa tangu enzi za VOK, shirika la utangazaji la taifa kabla liitwe KBC, kikaendelea KBC, kikarudiwa, sasa watu hata hawakumjua wanakipakia kwa intaneti na matangazo ya sabuni na mikopo yanapita katikati, nani kati yao alimtumia mzee hata ya chai? Kimya. Jamaa anakunja gazeti anasema tu "lakini angepanga". Huo upuuzi ameutoa kwenu mhariri, kwa sababu makala nzima haina swali hata moja kwa waliokuwa wanamlipa, maswali yote mmemuuliza marehemu!

Na hawa wachekeshaji wa sasa wa kuwekewa kicheko cha kurekodiwa, sitasema mengi, ila mtu akichekesha kweli sihitaji kuambiwa nicheke saa ngapi. Halafu tangazo likiingia sauti inapanda mara mbili, mtoto ameshalala anaamka, nani anasimamia hiyo mambo?

Pendekezo langu ni dogo. Ile picha ya mzee mliyochapisha, mlimlipa nani? Mkitaka kuitumia tena tumeni kwanza elfu mbili kwa familia yake, Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na ile meseji ya kuthibitisha muichapishe chini ya picha tuione. Mkikosa hiyo hela wekeni picha yako wewe mhariri, na muandike pembeni umebakisha ngapi benki.

Msomaji wenu,
Nakuru