Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuja Lamu na kamera

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu niliusoma kwa sauti ili kijana wangu naye asikie, kwa kuwa habari zenyewe ni zake. Unasema umepata fedha za kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu watoto wa pwani wanaotumia dawa za akili, na kwamba ungependa kuanzia kwetu, kwa siku tatu, mwezi ujao. Nakujibu hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuniomba jambo hili, na huenda wazazi wengine walio katika hali yangu wakapata humu maneno ya kuwajibu wageni wao. Sikukatalii kuja. Ninachokikataa ni hizo siku tatu.

Ngoja nikueleze siku moja ya kijana wangu inavyokwenda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baada ya chai na mkate wa mofa, humpa kidonge cha methilfenidati, dawa ya kumsaidia atulie na kumakinika, kisichozidi punje ya dengu. Baada ya muda mfupi huweza kufunga vifungo vyote vya shati la shule bila kuacha cha tatu na kukimbilia dirishani kumtazama punda anayepita. Kidonge hicho humshika kwa saa tatu au nne, kisha nguvu zake huisha, ndiyo maana humpa cha pili mchana anaporudi kula. Lakini dawa hiyohiyo huondoa hamu ya chakula. Huketi mbele ya sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaichambua miiba mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani kwa utulivu ambao zamani sikuujua kwake, na tonge hata moja halifiki kinywani. Kula, atakula saa tatu usiku, kwa pupa ya mtu aliyeshinda baharini. Kati ya mchana na usiku ipo saa moja nzito, kama saa kumi na moja jioni, wakati kidonge cha pili kinapomwachilia. Saa hiyo hulia kwa jambo dogo, hupanda na kushuka ngazi, na asiyemjua hudhani kwamba hapajawahi kuwa na dawa yoyote.

Miaka miwili iliyopita walikuja wapiga picha wengine, na wakaichagua saa hiyohiyo. Walinieleza kwamba jua la jioni huzipendeza kuta za matumbawe, na kweli picha zilitoka nzuri. Mwanangu alionekana akiupiga mlango kwa mateke, huku msimulizi akisema kwamba huyu ni mtoto aliyeharibiwa na dawa. Mtu mwingine angeweza kuitumia picha ileile kuthibitisha kwamba mtoto huyu anahitaji dawa zaidi. Yote mawili yangekuwa uongo, kwa maana kamera iliiona saa moja tu kati ya saa 24, na wala haikuuliza kidonge kilimezwa lini. Kwa majuma kadhaa wenzake wa chuo cha Kurani walikuwa wakimwigiza yale mateke. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango watu wale, na jambo hilo halijaniondoka moyoni.

Hata waliozianza dawa hizi hawakufanya haraka kiasi hicho. Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 Benzedrine, ambayo ni aina ya amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo kama ile ya kijana wangu, na 14 kati yao wakabadilika sana katika masomo yao. Mimi hunivutia zaidi mpango wake kuliko matokeo: aliwatazama watoto wale juma moja kabla ya dawa, juma moja wakiwa wanaimeza, na juma moja baada ya kuiacha. Kama daktari aliyekuwa na majibu mazuri mkononi aliona lazima atazame pia baada ya dawa kutoka, mwenye kamera atakosaje subira hiyo?

Na hapo nazungumzia dawa inayoingia na kutoka mwilini ndani ya siku moja. Fluoksetini, wanayopewa baadhi ya vijana wenye sonona, huchukua majuma kabla ya kuonyesha faida. Mwaka 2004 idara ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru dawa za sonona ziwekewe onyo zito kuhusu watoto, baada ya kuyachunguza majaribio 24 yaliyohusisha wagonjwa zaidi ya 4,400: waliopata mawazo au vitendo vya kutaka kujiua walikuwa karibu 4 katika kila 100 waliopewa dawa, na 2 katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo, lakini wazazi waliambiwa wawe macho hasa mwanzoni, na kila kipimo kinapobadilishwa. Rispiridoni nayo, wanayopewa baadhi ya watoto wenye ghadhabu kali, huweza kumnenepesha mtoto polepole, mwezi baada ya mwezi. Mambo kama haya huyapati kwa siku tatu, hata uje na kamera kumi.

Umeniahidi kwamba utauficha uso wake. Mpwa wangu, wewe umekulia Mombasa, umesahau udogo wa mji wetu. Ukiuficha uso, mlango utasema, kwa kuwa hapa Mkomani kila mtu huujua mlango wa mwenzake kwa nakshi zake. Na ukiuficha mlango, sauti yangu itasema. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi, na inadai pia kwamba jambo lenyewe lilinde haki na maslahi ya mtoto. Watu hulikumbuka sharti la kwanza kwa sababu lina mahali pa kutia sahihi.

Jambo jingine ni dogo, nalo nitalitaja upesi. Kombe tulimnywesha, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, na hadi leo mama yangu humwandikia. Usiifiche sahani ile yenye zafarani, wala usiiweke kando ya kidonge ili watu wacheke. Bibi yake humpa huku akimuuliza kama dawa ya daktari ameshameza.

Basi njoo mwezi ujao bila kamera. Chumba cha juu ni chako. Kaa nasi, umzoee naye akuzoee, ndipo uanze kupiga picha, na urudi tena wakati wa likizo, ambapo daktari huwa ametuagiza tupumzishe dawa, ili umwone pia bila kidonge. Tukiyakubali hayo, nitatia sahihi.

Ila sahihi yangu peke yake haitoshi. Nilipomaliza kumsomea ujumbe wako alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nikiwa mkubwa, nikimwambia aifute, ataifuta?" Nimemwambia nitakuuliza.

Nangoja jibu lako, nami nitamsomea kama lilivyo.

Shangazi yako,
Lamu