Mchicha Ndani ya Hema

Minneapolis,
Jumapili, 25 Januari

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na shemeji msalimie. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nacheka peke yangu jikoni. Ati dola sita kwa kifungu cha mchicha kilicholala, na ulipokipika kikatoka vijiko viwili! Pole, mwenzangu. Mwaka wangu wa kwanza huku nilikuwa nikizunguka maduka ya Wahindi na ya Wakaribiani kutafuta majani kama mtu aliyepotelewa na mtoto.

Umeniuliza habari za hema langu, hili ninalopandia mchicha chumbani. Kwa simu ni maneno mengi, bora niandike.

Unayakumbuka yale makabati ya kitambaa ya hosteli, ya fremu za mabomba na zipu mbele? Ndilo hilo hilo, ila kitambaa ni kizito zaidi na ndani kunang'aa kama foili ili mwanga urudi kwenye majani badala ya kupotelea ukutani. Langu ni sentimita 60 kwa 60, kimo mita moja na nusu, nimelisimamisha pembeni mwa kitanda. Kulifunga ni nusu saa na huhitaji fundi. Juu nimening'iniza taa ya LED ya wati 100, na palepale juu kuna feni ndogo inayovuta hewa ya moto kuitoa nje. Hewa mpya inaingia kwa matundu ya chini. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Siku niliyokwenda kununua, kijana wa dukani akaniuliza kwa sauti ya chini nataka kupanda mimea mingapi. Nikamwambia, "Mingi tu, hata hamsini." Macho yakamtoka! Kumbe jimbo hili la Minnesota limeruhusu bangi tangu 2023, mradi usizidishe idadi, na wengi wanaonunua mahema haya ndiyo kazi yao. Akanishikiza na chujio la mkaa la kuzuia harufu, nikalipa kwa kutojua. Wewe usinunue. Mchicha una harufu gani ya kuwaficha majirani?

Taa ndiyo uitolee hela, mengine yote yana njia ya mkato. Huko Winnipeg, Kanada, uko kaskazini kuliko mimi, Desemba mnapata mwanga wa masaa manane na dakika chache, na mche ulioachwa dirishani utarefuka na kulegea kama uzi. Halafu kuna jambo ambalo mama zetu hawakuwa na haja ya kulijua: mchicha ukiona siku zimekuwa fupi hukimbilia kutoa maua, majani yakabaki madogo na magumu. Kwa hiyo mimi nauwashia masaa 16, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, kwa taima ya kuchomeka ukutani. Na hapo nilichekesha. Kwa mazoea ya kwetu niliiweka iwake 12 na izime 4, hesabu ya masaa ikatimia vizuri kabisa, ila taa ikawa inawaka adhuhuri na kuzima saa kumi alfajiri! Mimea haikuona tofauti. Mimi niliyelala kando ya zipu inayovuja mwanga ndiye niliyekwenda kazini macho mekundu siku mbili.

Umeme usikutishe. Wati 100 kwa masaa 16 ni uniti moja na nusu na kidogo kwa siku, kama uniti 48 kwa mwezi. Kwangu haifiki dola nane.

Sasa nikuambie nilivyoua mimea ya kwanza, maana najua na wewe mkono wako ni mwepesi wa maji. Mbegu ni ndogo, nilizichanganya na mchanga mkavu nikazinyunyiza, udongo juu kidogo tu. Siku ya nne zikaota, nyekundunyekundu, nikampigia mama video. Nikawa nazimwagilia asubuhi na jioni kama bustani yake ya Pongwe. Lakini Pongwe kuna jua na upepo wa bahari, humu ndani maji hayana pa kwenda, na feni nilikuwa naizima usiku kwa sababu ya kelele. Wiki ya pili miche ikaanza kulainika shingoni na kulala chini, mmoja leo, kumi kesho. Ndio ule ugonjwa wa miche, kinyausi. Na juu yake wakaja vijiinzi vyeusi vinavyozaliana kwenye udongo uliolowa, vikawa vinaelea hata kwenye chai yangu.

Nilitupa kila kitu. Safari ya pili nilitumia udongo mwepesi wa dukani uliochanganywa na perlaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi (usichote wa nje, unaganda na unaleta wadudu), vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini, feni usiku na mchana. Maji namimina kwenye sinia, vikopo vinyonye vyenyewe, baada ya nusu saa namwaga yaliyobaki. Kabla ya kumwagilia nainua kopo: likiwa jepesi natia maji, likiwa zito naliacha. Vijiinzi nilivitegea karatasi za njano zenye gundi. Waya wa umeme niliutundika juu, usipite sakafuni penye maji, hilo nakuomba sana, una watoto.

Mbegu usimwambie mama akutumie. Za kwangu zilifungwa kwenye pindo la kanga, zikachukuliwa uwanja wa ndege kwa kukosa cheti cha afya ya mimea, na kanga nayo ikafunuliwa mbele za watu. Tafuta za Wakaribiani, mchicha wao wanauita callaloo. Tembele ndiyo rahisi kabisa: nunua kiazi kitamu kisichopigwa dawa, kiweke nusu ndani ya maji, machipukizi yakifika kiganja yakate uyapande. Mchaichai nao, shina bichi la dukani linatoa mizizi kwenye glasi.

Hela hutaokoa, usijidanganye. Vyote vilinigharimu kama dola 190, na ninachovuna ni mboga ya mlo mmoja kwa wiki, kuanzia wiki ya tano. Usiung'oe, kata kichwa ubakize macho mawili matatu, utachipua. Lakini jana nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri, nikafungua zipu nikapigwa na harufu ya udongo uliolowa. Nilikaa pale na kiti changu cha jikoni mpaka wali ukaungua.

Nitumie picha ya kona unayofikiria kuliweka, na upime kwanza urefu wa dari. Taa imezima sasa hivi, kwa hiyo ni saa nne, na kesho nina zamu ya asubuhi.

Wako,
Mwanaidi