Daraja Lililopiga Magoti

Mahajanga, Madagaska
Jumapili usiku

Shangazi, shikamoo.

Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepungua kuvimba. Mimi sijambo, mgonjwa ni meli. Pampu ya mafuta imekufa, na tumetia nanga hapa Mahajanga wiki ya tatu sasa. Wenye meli kila siku wanasema kesho. Wiki iliyopita wakachoka kusema kesho, wakanituma Antananarivo kwa barabara nikafuate kipuri, na huko njiani ndiko ilikotoka habari ninayotaka kukupa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa makusudi. Nataka uisome polepole, kwa sauti, na baba mdogo awe amekaa pale kwenye mkeka wake. Hasa baba mdogo.

Unakumbuka Babu alivyokuwa akitusimulia safari yake ya Bukini, yaani hapa Madagaska? Kila akifika kwenye daraja, baba mdogo alikuwa anatangulia kumalizia: "Likapiga magoti!" Watu wote chali kwa kicheko. Babu anatafuna ugoro wake, anasema, "Ndiyo, lilipiga magoti, na sisi tukapita mgongoni." Na mimi nilicheka, shangazi, sikatai. Nilidhani ni chumvi ya wazee wa Keya, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, maana hakuna askari wa Keya aliyerudi na hadithi kavu.

Basi daraja nimelifikia. Liko kwenye mto Betsiboka, karibu na mji wa Maevatanana. Mto wenyewe ni mwekundu kama maji yaliyooshewa matofali, upana wake usiulize. Ukitoka hapa pwani kwenda mji mkuu ni kilomita 560 na kitu, kwa magari wanayoyaita taxi-brousse, ambayo ni basi dogo linalobeba watu, kuku, magunia na godoro moja juu la mtu anayehama. Njiani kwanza unapita mto mwingine, Kamoro, nao ulikuwa na daraja la kuning'inia kwa nyaya. Lile Waingereza, walipokuja kuwapiga Wafaransa hapa mwaka 1942, walilikuta zima. La Betsiboka Wafaransa walilikata nyaya. Walitaka lisombwe na mto, lakini Septemba ni kiangazi huku kama kwetu, maji yalikuwa machache. Sakafu ya daraja ikashuka, ikakaa mtoni ilivyo, imelala sawa, chini ya maji yasiyozidi sana mita moja. Askari wakavuka juu yake, maji mapajani, bunduki juu ya vichwa. Hata magari yakapita.

Sasa mwambie baba mdogo anieleze kwa Kiswahili kingine, daraja likifanya hivyo limefanya nini kama si kupiga magoti.

Nililazimisha dereva asimame. Abiria walinuna, lakini kando ya barabara palikuwa na mgahawa (huku wanauita hotely, kama sisi tu), wakashuka kula wali. Nikakaa ukingoni nikitazama yale maji mekundu, nikaanza kuyapanga upya yote aliyotuambia, moja baada ya jingine, na kuyalinganisha na niliyoyasoma tangu nianze kutia nanga visiwa hivi. Nakuambia shangazi, mzee yule alikuwa anatupa historia na sisi tunamrudishia vicheko.

Kumbuka alivyoanza. Aliingia Keya mwanzoni mwa vita, makuruta wakipigishwa kwata asubuhi mpaka jioni, na alisema jambo lililomshinda halikuwa bunduki bali viatu. Miguu ya Songea haikujua kufungwa. Wiki ya kwanza alitembea kama bata. Kisha ile lugha: Mngoni, Mhehe, Myao, Mnyamwezi na Msukuma katika hema moja, na ofisa wa Kizungu anayetoa amri kwa Kiswahili cha kuvunjavunja ambacho wote walilazimika kukielewa. Babu alikuwa anasema Kiswahili chake alikipata jeshini, na cha nyumbani tulichomsahihisha sisi wanafunzi kilikuwa kigeni kwake.

Kikosi chake kilikuwa batalioni ya kwanza ya Keya ya sita, ya Tanganyika. Kabla ya Bukini walishapita Somalia na Uhabeshi kupigana na Waitaliano. Pale Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, sajini mmoja wa batalioni hiyo, Nigel Leakey, alirukia kifaru cha adui kwa mguu akakifungua na kuwapiga risasi waliokuwemo isipokuwa dereva. Alikufa siku hiyohiyo akijaribu kingine, na maiti yake haikuonekana. Uingereza ikampa medali yake kubwa kabisa. Huyo ni binamu wa yule Louis Leakey wa Olduvai. Babu alikuwa anamwita "yule Mzungu aliyepanda kifaru kama punda", na hilo pia tulilicheka.

Walirudi kutoka Uhabeshi wakidhani vita yao imekwisha. Kumbe mwaka 1942 ulikuwa mbaya kwa bahari yetu hii. Singapore ilianguka Februari. Aprili Wajapani wakaipiga Colombo kwa ndege, na manowari za Kiingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini. Madagaska ilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyokuwa imekubali kushindwa na Wajerumani, na Waingereza waliogopa kwamba Mjapani akipewa bandari ya Diego Suarez kule kaskazini, njia yote ya meli ya Afrika Mashariki ingekuwa yake. Wakaiteka Diego Suarez mwanzoni mwa Mei. Woga wao haukuwa wa bure, maana tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia humohumo bandarini, zikaitoboa manowari Ramillies na kuizamisha meli moja ya mafuta.

Hayo Babu hakuyajua. Alichojua ni kwamba kambi ilianza kuchangamka. Sindano. Vyandarua. Vidonge vichungu kupita mwarobaini, na sajini amesimama mbele yako mpaka umeze na kufungua kinywa. Nguo na viatu vya zamani vikabadilishwa. Magari yakapakwa rangi upya. Hakuna aliyeambiwa wanakwenda wapi. Wengine walisema Misri, wengine Burma, mpishi mmoja akaapa ni Ulaya kwa sababu ameona mablanketi mengi. Mimi kama baharia kipande hiki ndicho ninachokipenda: siku walipoiona meli pale Kilindini. Babu hakuwa ameona maji makubwa kuliko Ziwa Nyasa. Walifundishwa kupanda na kushuka ngazi ya kamba na mizigo mgongoni, na alisema mtu aliyekimbilia risasi Uhabeshi bila kupepesa alishika ile ngazi akalia kama mtoto. Alitaja kwamba mtu huyo ni rafiki yake. Sasa nina umri wa kutosha kujua rafiki huyo ni nani.

Usimcheke kwa hilo. Miezi kumi na nane baadaye, Februari 1944, meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, manesi na wengineo. Nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300. Bahari hiyo nimeipita mara mbili, na mara zote mbili nilishindwa kulala.

Brigedi ya Babu, ya 22 ya Afrika Mashariki, ilifika Bukini Agosti 1942. Tarehe 10 Septemba Waingereza wakateremka hapahapa nilipo, zamani pakiitwa Majunga. Brigedi ya Kizungu ilitangulia ufukweni, mji ukaanguka asubuhi hiyohiyo, kisha Keya wakapitishwa katikati yao juu ya malori, mbio kuelekea mji mkuu. Waliingia Antananarivo tarehe 23. Siku kumi na tatu kwa barabara ile! Sisi na taxi-brousse bila adui yeyote tulitumia karibu siku nzima na usiku.

Na hapa ndipo Babu alipokuwa anasema lile neno lililomkera kila mtu aliyetaka hadithi ya damu: "Vita ya Bukini ilikuwa vita ya mawe." Wafaransa hawakuwa na nguvu ya kupigana uso kwa uso, wakaziba barabara. Walikata miti ikalala njiani kwa mamia, wakajenga kuta za mawe moja nyuma ya nyingine, wakakaa juu ya kilima na bombomu, bunduki ya rasharasha, wakisubiri. Askari wanainama kutoa mawe, bombomu inalia, wengine wanazunguka porini kumtoa yule wa kilimani, wanarudi kwenye mawe. Kona inayofuata, ukuta mwingine. Ilikuwa hivyo zaidi kusini ya Antananarivo, kupitia Antsirabe na Ambositra. Nimeviona hivyo vilima kwa mbali. Mtu hahitaji kuwa askari ili aone kwamba ukuta mmoja wa mawe pale ni kazi ya asubuhi nzima.

Kuna jambo moja alilisema mara moja tu, usiku wa matanga ya bibi, na nadhani ulikuwepo. Alisema walipoteka mahali fulani, mateka walipotoka mashimoni mikono juu, wengi walikuwa weusi kama wao. Ni kweli. Jeshi la Wafaransa huku lilijaa Wasenegali na Wabuki wenyewe. Babu akampa mmoja tumbaku. Hawakusikilizana lugha, mpaka akapita ng'ombe, Mbuki akanyoosha kidole akasema "omby". Babu akasema "ng'ombe". Akapita kanga, Mbuki akasema "akanga". Basi wakacheka wote wawili, mmoja akiwa na bunduki na mwingine hana. Hilo nimelijaribu hapa sokoni, shangazi. Ni omby na akanga kweli mpaka leo. Na Wangazija wa hapa tunazungumza nao bila taabu nyingi, wao wanavuta kwao, mimi navuta kwetu, tunakutana katikati.

Vita iliishaje? Gavana wao, Annet, aliendelea kurudi nyuma mpaka kusini kabisa, akakubali kusalimu amri tarehe 5 Novemba, vita isimame dakika moja baada ya saa sita usiku. Inasemwa alihesabu siku: vita ilianza tarehe 5 Mei, na askari wa Kifaransa akipigana zaidi ya miezi sita alistahili medali na nyongeza ya malipo. Babu alikuwa anasema, "Walikuwa wanasubiri mwisho wa mwezi," na tukadhani ni utani wake.

Yeye mwisho huo hakuuona. Homa ilimwangusha kabla. Malaria iliwalaza askari wengi kuliko risasi, na vile vidonge vichungu inaelekea kuna siku alivitema sajini alipogeuka. Akarudishwa amelala, ngazi ya kamba akaivuka ndani ya machela, na hilo alilisimulia kwa fahari kama vile amepandishwa cheo.

Mwaka jana tulipotia nanga Diego Suarez nilikwenda kwenye makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola. Pamefyekwa vizuri, mawe yamepangwa mistari, mia tatu na ushei. Sikukuambia kwa sababu sikujua nikuambie nini. Nilipita jiwe kwa jiwe nikisoma majina ya kwetu na ya Wanyasa na ya Kenya, yamechongwa kwa herufi zilezile na ya Wazungu. Mlinzi akaniuliza kwa Kifaransa kama nina ndugu pale. Nikamwambia hapana, wangu alirudi. Akanitazama kana kwamba sina sababu ya kuwepo. Nikaendelea kusoma.

Shangazi, nina ombi. Lile sanduku la bati la Babu, lililo chini ya cherehani aliyoinunua kwa pesa ya kuagwa jeshini, lifungue. Medali ziache zilivyo, mara nyingi za askari wetu hazikuchongwa jina. Tafuta kijitabu kidogo cha mshahara, chenye kava ngumu. Ndani kutakuwa na namba yake ya jeshi. Mwambie mtoto aipige picha anitumie. Nikiwa na namba naweza kuuliza mahali wanapotunza kumbukumbu hizo, nione ni tarehe gani hasa alipanda meli na ni lini alirudishwa. Kama mchwa wamekila kijitabu, niambie tu, usijilaumu.

Nimekuwekea vanila kidogo, anakuja nayo kuli mmoja wa Dar anayerudi kwa ndege. Usiitie kwenye ugali kama ile iliki ya mwaka juzi. Vanila ni ya chai na maandazi.

Picha ya daraja nitakuja nayo mwenyewe. Tatizo lake moja: Wafaransa walilijenga upya, sasa limesimama wima kabisa. Najua baba mdogo atakachosema akiliona. Mwambie asiseme mpaka nifike.

Wasalimie wote, na majirani.

Mimi mwanao,
wa kwenye injini