Barua ya wazi kwa vijana wa karate wa kanisa letu

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia hasa ninyi mnaofunga mikanda ya kahawia na myeusi. Wenye mikanda myeupe, yaani wanaoanza, wanaweza kusoma wakitaka, lakini maneno haya si mzigo wao. Mtu anayesahau hatua katikati ya kata, ule mfululizo wa mapigo na mazuio anaoufanya peke yake, na kuzidiwa na kila anayepangwa naye hana pa kupata majivuno. Unyenyekevu wake ni wa lazima. Wenu ni wa hiari, kwa sababu ninyi mnaweza kumuumiza mtu. Ndiyo maana wenu utaulizwa zaidi.

Nimepata habari kwamba vijana wawili walioanza mwaka huu wameacha mazoezi. Mmoja alipigwa teke la uso katika kumite, yaani pambano la mazoezi, na mtu aliyemtangulia miaka mingi. Mwingine alirekodiwa kwa simu akiwa ameanguka, na video ikazungushwa kwenye kundi la WhatsApp, watu wakacheka. Najua mtaniambia kwamba kuumia ni sehemu ya mazoezi na kwamba hao hawakuwa wavumilivu. Mimi sikubali. Kijana anayekuja kufanya mazoezi nawe amekukabidhi mwili wake, uso wake na meno yake, akiamini kwamba utamrudishia vikiwa salama. Ukitumia amana hiyo kujionyesha, umemwibia.

Tazameni Gethsemane. Petro anachomoa upanga na kumkata Malko sikio. Kwa hesabu ya mpiganaji Petro ana hoja: wamevamiwa usiku, na waliokuja ni wengi tena wana silaha. Lakini Bwana anamwamuru aurudishe upanga, kisha anasema kwamba angeweza kumsihi Baba yake akaletewa zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Someni vizuri hapo, Mathayo 26. Upole wake haukuwa wa mtu aliyekosa la kufanya. Uwezo wote alikuwa nao, naye akanyoosha mkono akaliponya sikio la mtu aliyekuja kumkamata. Tangu nilipoanza karate ujanani sijaona mahali panapomfundisha mwenye mkanda mweusi kuliko pale.

Na msidhani ni kanisa linaloingiza mambo yake kwenye karate. Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa mwaka 1922 kwenda kuionyesha karate Tokyo, alifundisha kwamba karate huanza kwa heshima na kumalizika kwa heshima, na kwamba mwanakarate hawi wa kwanza kushambulia. Mnafanya kila wiki kata tano za msingi ziitwazo Heian. Je, mmewahi kuona kwamba zote tano zinaanza kwa kuzuia?

Ndugu zetu wa judo nao wana la kutufundisha. Mwaka 1964 judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo, nyumbani kwake. Wajapani walikuwa wameshachukua dhahabu katika uzito wote mwingine, ikabaki ile ya wazi, isiyo na kikomo cha uzito. Mholanzi Anton Geesink, jitu la karibu mita mbili, akambana Mjapani Akio Kaminaga chini mpaka akapewa ushindi, mbele ya watu wake, ukumbi ukiwa umejaa. Mashabiki wa Geesink wakakimbilia kwenye mkeka kushangilia. Yeye, kabla hata hajafurahia, akainua mkono kuwazuia wasikanyage pale. Kisha akasimama mahali pake, akainama. Wajapani walilia siku ile kwa kushindwa, lakini wakamheshimu maisha yake yote. Linganisheni na ile video yenu.

Wazazi kadhaa wameniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuinama kwenye dojo, yaani ukumbi wa mazoezi. Kuinamia picha ya mtu au madhabahu yoyote sikubali, na kwetu hakuna. Kumwinamia mwenzako ni salamu. Ibrahimu aliwainamia wana wa Hethi alipotafuta mahali pa kumzika Sara, na kwetu Usukumani binti hupiga goti kumwamkia mzee; hakuna anayesema huko ni kuabudu. Kinachonisumbua mimi ni kuinama kwa haraka huku macho yako kwingine, halafu amri ya kuanza, hajime, ikitamkwa mtu anamrukia mtoto wa mkanda mweupe kana kwamba ni adui.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba anapigana ngumi, si kama apigaye hewa, na mara moja akataja anayempiga: mwili wake mwenyewe, autumikishe. Mpinzani wa kwanza wa Paulo yumo ndani ya Paulo. Wewe mwenye mkanda mweusi, hasira inayokupanda pale mdogo wako anapokugusa kwa bahati mbele ya watu, hiyo ndiyo ya kupambana nayo. Teke ulilizuie lisimame kabla ya shavu lake. Kulisimamisha hapo kunahitaji ufundi mkubwa kuliko kulifikisha, nanyi mnajua.

Sasa naomba haya. Ile video ifutwe leo, na aliyeituma aandike kwenye kundi hilohilo kwamba amekosea. Aliyepiga teke aende nyumbani kwa yule kijana, si kwa simu, akaombe radhi mbele ya mama yake, na asijitetee kwamba ilikuwa kumite. Akiona vigumu kwenda peke yake nitafuatana naye. Vijana hao wakirudi, wasiwekwe pembeni na wanaoanza wenzao. Wapangwe na ninyi mliobobea, mwapunguzie kasi na kuwaelekeza.

Nimezungumza na mwalimu wenu kuhusu mtihani wa Desemba, naye amekubali. Kila anayetaka kupanda daraja atakuja na mmoja wa mkanda mweupe aliyemfundisha yeye mwenyewe. Huyo atafanya Heian Shodan, ile kata ya kwanza, kabla yako, na tutakachokiona kwake kitaandikwa kwenye karatasi yako.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa
Mwanza